Wanahisa wa Mnada wa Tinde

Hosiana Maduhu alifukuzwa kazi kwa sababu ya swali. Alikuwa mchambuzi kwa dalali mmoja wa hisa Dar es Salaam, na kwenye mkutano mkuu wa kampuni ya mteja alinyoosha mkono akauliza kwa nini wakurugenzi walilipwa posho ya kikao ambacho, kwa mujibu wa kumbukumbu zao wenyewe, hakikufanyika. Jumatatu iliyofuata alikuwa ndani ya basi la kurudi kwao Geita, ana sanduku moja na moyo mwepesi kuliko alivyotarajia. Njia nzima alijiuliza: swali lile lile lingeulizwa na mtu mwenye hisa nyingi, nani angemfukuza? Walipofika Nzega alikuwa anacheka peke yake, na abiria wa kiti cha pili akahamia nyuma.

Alipanga chumba Kalangalala, juu ya duka linalouza nyundo, kamba na mabuti ya wachimbaji. Leseni ya kuendesha mfuko wa uwekezaji ilimchukua miezi saba. Akamwajiri Leodgar, mhasibu wa Ushirombo, mtu wa kanisa, mwangalifu, mwenye kasoro moja tu: akiogopa, hucheka. Si kwa dharau. Ni kicheko chembamba kinachomtoka bila ruhusa, na kadiri anavyokizuia ndivyo kinavyozidi.

Mfuko wa Kalangalala ulianza na wanachama arobaini na watatu, wengi wao akina mama wa biashara ya dhahabu. Mkubwa wao kwa mtaji na kwa sauti alikuwa Paskazia, ambaye wote walimwita Mama Vaileth, mwenye karasha tatu za kusaga mawe na rundo la marudio kubwa kuliko nyumba yake. Siku ya kikao cha kwanza Hosiana alianza naye.

"Mama Vaileth, marudio ni nini?"

"Unaniuliza mimi?" Mama Vaileth akawageukia wenzake kama aliyeulizwa jina la mwanawe. "Ni mchanga ambao wenzetu wameshauosha, wakatoa dhahabu yao, wakasema umekwisha. Sisi tunaununua kwa bei ya mchanga, tunauchenjua upya. Nyumba yangu imejengwa na vitu walivyosema vimekwisha."

"Basi kule soko la hisa kuna kampuni ya namna hiyo."

Kampuni hiyo iliitwa Buluba, yaani pamba kwa Kisukuma. Ilikamua mafuta ya kula kutokana na mbegu za pamba, na kiwanda chake kilikuwa Tinde, kando ya barabara kuu. Hisa moja iliuzwa shilingi mia na thelathini. Lakini Hosiana, aliyesoma taarifa zao mpaka ukurasa wa mwisho, aliona kwamba ukiuza tu viwanja, maghala na mitambo, kila hisa ingepata karibu mia nne. Kiwanda kilifanya kazi miezi minne kwa mwaka, kisha kikafungwa kungojea msimu. Maghala matatu makubwa yalikuwa yamekodishwa kwa shemeji ya mwenyekiti kwa kodi ya chumba cha kinyozi. Na faida ya miaka sita ilikuwa imezama kwenye hoteli ya ghorofa tano huko Dodoma, ambayo ghorofa ya tatu bado ilikuwa haina ukuta.

"Tofauti ni moja," Hosiana aliwaambia. "Mchanga haubishi. Kampuni ina wenyewe, itabidi tuwasukume. Kwanza tunanunua asilimia tano. Ukiwa nayo, sheria inakuruhusu kupeleka hoja kwenye mkutano mkuu. Tunawaandikia barua. Wakinyamaza, tunaitoa barua gazetini. Wakinyamaza tena, tunawaomba wanahisa wenzetu wapige kura, tuingize watu wetu kwenye bodi."

"Na tukishindwa?" akauliza Mama Vaileth.

"Tutabaki na hisa ambazo hakuna mtu anayezitaka."

Leodgar akacheka. Akina mama wakamwangalia, wakaanza kucheka naye, na ndani ya dakika moja chumba kizima kilikuwa kinafuta machozi bila mtu kujua sababu. Wakakubaliana siku ile ile.

Walinunua polepole kwa miezi minne, kidogo hapa, kidogo pale, ili bei isishtuke. Siku walipofikisha asilimia tano nukta moja, Hosiana aliandika barua ya kurasa tatu. Alitaka mambo manne: hoteli ya Dodoma iuzwe jinsi ilivyo, maghala yakodishwe kwa bei ya soko, fedha hizo zinunue mashine inayoweza kukamua alizeti ili kiwanda kisilale nje ya msimu wa pamba, na bodi ipokee wakurugenzi wawili wapya, yeye na Leodgar.

Leodgar alikuwa hajaambiwa. Alipofika kwenye jina lake alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Jibu lilikuja kwa simu. Mwenyekiti wa Buluba, Mzee Benedict Mageni, aliwaalika ofisini kwake Shinyanga mjini. Alikuwa na miaka sabini na moja, kumi na saba kati ya hiyo kwenye kiti kile, mrefu, mpole, mzaliwa wa Tinde. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyowafanya wajione wajukuu. Aliuliza habari za mama yake Hosiana, goti lake limeponaje. Hosiana hakujua alijuaje habari za goti.

"Barua yako nimeisoma," alisema, akimimina chai mwenyewe. "Umeandika vizuri. Lakini binti yangu, kampuni si karatasi. Mimi nimeitunza hii Buluba tangu ikiwa chama cha ushirika, paa linavuja. Sasa watu wa Geita wanakuja na kalamu."

"Hatutaki kuibomoa, Mzee. Tunataka iamke."

"Tuache kuchoshana. Kuna rafiki zetu wako tayari kununua hisa zenu zote. Mia mbili na sitini kwa kila moja. Mara mbili ya mlichonunulia. Mnaondoka kwa amani na hamrudi."

Kicheko kikamwanza Leodgar. Alijitahidi kukificha ndani ya kikombe, chai ikaruka, na Mzee Mageni, aliyedhani anachekwa, akasimama.

Nje, kwenye jua la Shinyanga, Hosiana aliegemea gari. Mara mbili kwa muda wa miezi michache! Hakuna mtu angemlaumu. Hata kazi yake ya kwanza ya mfuko ingekuwa ya kusimuliwa. Lakini fedha hazikuwa zake, wala uamuzi haukuwa wake peke yake, kwa hiyo aliwaita wanachama kesho yake akawaeleza yote bila kuongeza wala kupunguza.

Halafu Mama Vaileth akajikuna kisogo.

"Nina miaka ishirini kwenye marudio," alisema. "Mtu akija rundoni kwangu anataka kulinunua kwa bei mbili kabla sijalichenjua, huwa simuuzii. Huyo ameshapima. Anajua kilichomo."

Wakapiga kura. Wawili walitaka kuuza, arobaini na moja wakakataa. Hosiana alitoka nje ya kile chumba akiwa kama amekunywa kitu, ngazi zikamwona akizishuka mbili mbili.

Barua ikatoka gazetini. Sasa ilibidi kutafuta kura, na hesabu haikuwa ya kufurahisha. Mwenyekiti na marafiki zake walikuwa na robo ya hisa. Mfuko mmoja wa pensheni ulikuwa na nyingi, lakini barua yake ilisema utahudhuria "kama mwangalizi." Waliobaki kwa wingi walikuwa wakulima. Chama cha ushirika kilipogeuzwa kampuni, kila mwanachama alipewa hisa na cheti chenye mhuri mwekundu, na watu zaidi ya elfu tano walipeleka vyeti vyao nyumbani wakavisahau. Mikutano yote ilifanyika hotelini Dar es Salaam. Nani angeuza mbuzi wawili kwenda kusikiliza hotuba?

Kwa hiyo Hosiana, Leodgar na Mama Vaileth wakaingia barabarani na fomu za uwakilishi, ambazo mkulima akizisaini Hosiana angempigia kura kwa niaba yake. Walianzia Samuye, nyumbani kwa Asteria Ndaki, mama wa miaka sabini aliyekuwa karani wa mizani ya pamba enzi za ushirika, ambaye kila mtu alisema ukimpata yeye umeipata Samuye.

"Mwangaluka, mayu," Hosiana alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Kaeni." Walikaa. Wenyeji kama thelathini hivi walikuwa wamekusanyika. Hosiana alieleza habari ya maghala, hoteli, mashine, na viti viwili vya bodi wanavyogombea yeye na Leodgar. Asteria alisikiliza huku akipepeta choroko, hakuinua macho hata mara moja.

"Mmemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Mnataka kuingia kwenye bodi ya pamba. Katika nyinyi wawili, nani amewahi kulima pamba?"

Hosiana alikulia Geita mjini. Leodgar, kwao Ushirombo, walilima mahindi na maharage. Mama Vaileth akakohoa.

"Nani anajua mbegu ikikaa ghalani miezi mitatu bila kugeuzwa inapoteza mafuta kiasi gani?" Asteria aliendelea. "Mimi najua. Nimeiona inaoza nikiwa mizani pale, nikaandika, nikaambiwa karani aandike kilo tu. Fomu yenu sitaisaini. Kura yangu ni yangu, nitaipeleka mwenyewe kwa miguu yangu. Ila mkutano uwe hapa, sio Dar."

Wakarudi kwenye gari bila saini hata moja. Walikwenda kilomita tatu. Kisha Leodgar akasema, polepole, "Hosiana. Yule mama ndiye mkurugenzi."

Hosiana akapiga breki. Mama Vaileth alijigonga kwenye kiti cha mbele, akatoa tusi la machimboni, halafu na yeye akaelewa. Waligeuza gari katikati ya barabara, mbele ya lori la ng'ombe lililowapigia honi mpaka likapotea. Dakika kumi baadaye walikuwa tena mbele ya ungo wa choroko. Leodgar alijitoa kwenye ugombea kwa furaha isiyofichika, na Asteria, baada ya kuwauliza maswali kwa saa mbili na kuwalisha viazi na mtindi, akakubali jina lake liwekwe badala ya lile la Leodgar. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu kabla ya mwisho wa kubadilisha hoja.

Asteria mwenyewe ndiye aliyempigia Mzee Mageni simu kuhusu mahali. Walisoma darasa moja. Haijulikani alimwambia nini, lakini tangazo lilipotoka lilisema mkutano mkuu utafanyika Tinde, kwenye bwalo la kiwanda, lenye viti themanini. Mzee Mageni alidhani themanini vitatosha na kubaki.

Na pengine vingetosha, kama si shemeji yake, yule wa maghala. Huyo aliogopa. Akaanza kueneza habari kwenye minada na vilabu kwamba watu wa Geita hawana haja na mafuta: wamepima, wamekuta dhahabu chini ya kiwanda, wanataka kuichukua Buluba waichimbe. Alitegemea wakulima wawachukie wageni.

Wakulima walisikia neno moja tu. Dhahabu!

Ndani ya wiki moja hapakuwa na sanduku ambalo halijafunguliwa kutoka Samuye mpaka Tinde. Vyeti vyenye mhuri mwekundu vilitolewa chini ya magodoro, ndani ya Biblia, nyuma ya picha za harusi. Kimoja kilikuwa kimezibia tundu la dirisha tangu mvua za El Niño iliyopita. Mtu aliyekuwa ametupa cha kwake alilia mbele za watu, mpaka msajili wa hisa alipomwambia jina lake bado limo kitabuni. Wasioweza kusafiri waliwasainia majirani fomu. Simu ya Hosiana haikunyamaza. "Eti iko futi ngapi?" wakamuuliza.

Asubuhi ya mkutano, kufika saa mbili, barabara ya Tinde ilikuwa imejaa baiskeli, bodaboda na matela ya trekta. Wanahisa elfu mbili na mia tatu walisimama mbele ya bwalo la viti themanini. Mama Vaileth, aliyeshuhudia machimbo mapya mengi yakivamiwa maishani, alishika kiuno akasema hajawahi kuona watu wakikimbilia mahali pasipo na shimo.

"Hosiana," Leodgar alimvuta kando, "wameijia dhahabu. Ukinyamaza tu, tunashinda. Hatukuisema sisi. Tunyamaze." Kisha kicheko kikamtoka, kwa sababu alijua atajibiwa nini.

Hosiana aliwatazama watu wale, mavazi yao ya Jumapili, vyeti vilivyofungwa kwa nailoni. Mwaka mzima alikuwa amewaandama wakurugenzi kwa sababu wanawaficha wenye mali habari za mali yao.

"Nitawaambia," alisema.

Kwanza ilibidi wapate pa kusimama. Mwanasheria wa kampuni, aliyetoka Dar na viatu vyeupe, alimwambia mwenyekiti aahirishe kikao kwa mwezi mzima, bwalo halitoshi, sheria inamruhusu. Mzee Mageni akachungulia dirishani. Pale nje palikuwa na wazee aliocheza nao utotoni, wamekaa juani.

"Nikawaambie warudi?" alimuuliza mwanasheria. "Hawa? Wewe utakuwa umerudi Dar. Mimi nitazikwa hapa." Akachukua kofia yake, akatoka, akatangaza kwamba mkutano unahamia uwanja wa mnada wa ng'ombe, ng'ambo ya barabara. Watu walipiga vigelegele, na yeye akawaongoza kuvuka, mkono mmoja juu akisimamisha malori.

Kipaza sauti kilifungwa kwenye nguzo ya mnada. Hosiana alipopewa nafasi, alikisogelea.

"Shikamooni wazee wangu. Nina mambo mawili. La kwanza: chini ya kiwanda hakuna dhahabu."

Watu elfu mbili na zaidi wakatazamana. Mtoto mmoja alilia mahali fulani.

"Hatujapima, hatujachimba, hatuna mpango huo. Aliyewaambia amewadanganya. Kama kuna aliyekuja kwa hilo tu, namwomba radhi kwa safari, ingawa habari hiyo si yetu. La pili atalisema Mama Asteria."

Sauti za kunung'unika zilianza nyuma. Mtu akapiga kelele, "Tumeacha mashamba!" Kundi likaanza kuokota baiskeli zao. Hosiana alihisi ushindi ukimponyoka vidoleni, na cha ajabu, alijisikia mwepesi.

Asteria alikishika kipaza sauti kama anayeshika kuku.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza. "Dhahabu imewatoa Samuye, ukweli unawarudisha? Wewe Mahona wa kule nyuma, weka baiskeli chini. Haya. Mnayaona yale maghala matatu? Ni ya nani?"

"Ya kampuni!"

"Kampuni ni ya nani? Tazameni karatasi mliyoshika. Imeandikwa jina la nani?"

Watu wakatazama vyeti vyao. Wasiojua kusoma wakawaonyesha wenzao.

"Maghala ni yetu. Mwaka juzi nilikodi chumba cha kuhifadhia choroko zangu hapa Tinde. Kodi niliyolipa mimi kwa chumba kimoja cha mlango mbovu, ndiyo anayolipa shemeji ya mwenyekiti kwa ghala zima." Akataja tarakimu. "Na tuna hoteli Dodoma. Mlijua mna hoteli? Haina ukuta ghorofa ya tatu. Mgeni wenu akigeuka usingizini anaanguka na shuka!"

Kilianza kicheko kimoja mbele, kikapokelewa katikati, kikaenda mpaka nyuma kama moto wa nyika. Waliookota baiskeli wakazilaza tena. Mzee mmoja alikaa chini kabisa, akirudia, "Na shuka! Na shuka!" Hata mwakilishi wa mfuko wa pensheni, aliyeagizwa kuangalia tu, alionekana ameficha uso nyuma ya ajenda.

Likabaki suala la kupiga kura. Huwezi kuhesabu mikono, kwa sababu kila mtu ana idadi yake ya hisa. Msajili alikuwa na makarani sita na hofu kubwa. Ni mnadi wa ng'ombe, aliyekuja na cheti chake, aliyetoa ushauri: uwanja ule una vibanio viwili, zile njia nyembamba za mbao ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja wakahesabiwa. Wanaotaka wakurugenzi wapya wapite cha kulia, wasiotaka wapite cha kushoto, na makarani wakae mwishoni waandike kila anayetoka na hisa zake.

Mwanasheria alisema sheria haisemi habari za vibanio. Msajili akamuuliza kama inakataza.

Basi wanahisa wa Buluba wakapiga kura namna hiyo, kuanzia saa nne asubuhi. Akina mama walipita wakijizuia kucheka na kushindwa. Vijana wa zamani walipita wakilia kama mafahali. Mnadi alishindwa kujizuia, akawa anasifu kila anayepita: "Huyu hapa! Wa Samuye, meno yote yapo, hisa elfu mbili!" Mama Vaileth alipita na kura za mfuko wote, akaulizwa bei yake, akasema hauzwi. Si wote walikwenda kulia. Wengi wa Tinde walimpenda Mzee Mageni, wakapita kushoto vichwa juu, na hakuna aliyewazomea. Yeye mwenyewe alipita kushoto, akainama pale penye ubao mfupi, akatoka na vumbi kwenye koti, akitabasamu kidogo.

Saa kumi na moja jioni msajili alipanda kwenye jiwe. Waliosema ndiyo: hisa milioni kumi, laki nane na elfu sabini. Waliosema hapana: milioni kumi, laki mbili na elfu kumi na mbili.

Hosiana hakusikia kilichofuata. Aliinuliwa na watu, akashushwa, akajikuta amemkumbatia Leodgar ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka; alikuwa analia kimya kimya, miwani mkononi. Mama Vaileth alicheza peke yake katikati ya uwanja, viatu amevivua. Walimtafuta Asteria wakamkuta kwenye meza ya makarani, anawasahihisha majina ya watu wa Samuye.

Mzee Mageni alimjia Hosiana. "Umeshinda, binti yangu."

"Tumebaki pamoja, Mzee. Kura ilikuwa ya viti viwili. Wewe bado ni mwenyekiti."

"Najua." Alipangusa koti. "Miaka kumi na saba nimeongoza mikutano ya watu hamsini, wote wanakodolea saa ya chakula. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona wenye kampuni." Akaigeuza kofia mkononi. "Kwa nini uliwaambia hakuna dhahabu?"

"Waliniuliza iko futi ngapi."

Mzee akamwangalia, akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Bodi mpya ilipiga kura, na shemeji akahama maghala mwezi uliofuata. Hoteli ilinunuliwa na mtu wa Singida, kwa bei ndogo kuliko Hosiana alivyotaka na kubwa kuliko Leodgar alivyoogopa. Mashine ya alizeti ilifika Juni, na kiwanda kikaanza kuvuma wakati ambao kawaida popo ndio walikuwa wenyeji wake. Hisa ikapanda mpaka mia tatu na kumi. Baadhi ya wanachama wa mfuko walitaka kuuza, na Hosiana akawauzia nusu, maana ndiyo kazi aliyowaahidi. Asteria alipopata habari hizo alimpigia simu.

"Unauza shamba likiwa linachanua?"

"Nusu tu, mama. Fedha ni za wenyewe."

"Haya. Lakini wewe binafsi bado umo kwenye bodi. Usije ukasinzia."

Mkutano mkuu wa mwaka uliofuata ulifanyika hapo hapo mnadani. Wanahisa walikuwa elfu tatu na ushee. Safari hii Hosiana alikaa meza kuu, chini ya turubai, na chupa ya maji mbele yake. Mzee Mageni alisoma taarifa, akatangaza gawio, watu wakapiga makofi. Kisha akauliza kama kuna maswali.

Mkono ukanyooka katikati ya uwanja. Alikuwa mama mmoja mfupi wa Samuye, amefunga mtoto mgongoni, ameshika kitabu cha taarifa za fedha kilichochoka kwa kufunuliwa.

"Jina langu Sesilia. Hisa mia nane," alisema. "Ukurasa wa sitini na moja, mstari wa mwisho kabisa, wenye maandishi madogo. Hosiana Maduhu, mkurugenzi, tiketi ya ndege, Mwanza kwenda Dar, mara nne. Basi lipo. Naomba aeleze."

Watu elfu tatu wakamgeukia Hosiana. Leodgar, kwenye safu ya wanahisa, akaanza kucheka. Hosiana alisimama, akashika kipaza sauti, uso umemwiva, na akajua hakika kwamba hajawahi kuwa na furaha kiasi hiki maishani.

"Mama Sesilia," alisema, "swali lako ni zuri sana. Tuanze na ile safari ya Machi."